Acha Kubahatisha, Soma Mchoro

Kijana unayekaa kwenye meza ya fundi pale Kariakoo, Mwanjelwa, Luthuli Avenue, au kwenye kibanda cha pembeni mwa stendi, maneno haya ni yako. Na wewe uliyeko chuo cha VETA, na wewe binti uliyemaliza kidato cha nne ukaambiwa fizikia haikufai, sogea karibu. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho bei yake haifiki ya kikombe cha chai, na ambacho ukikielewa sawasawa kitakutoa kwenye kundi la wanaobahatisha na kukuweka kwenye kundi la wanaojua.

Kila siku bodi zinafunguliwa mbele yako: redio, saboofa, chaja, pawa ya televisheni, kontrola ya sola. Mle ndani kuna vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi. Ni rezista. Umeziona mara nyingi mno mpaka macho yako yamezizoea, hayazitazami tena. Kifaa kikiletwa kimekufa, unatafuta kapasita iliyovimba, unapasha moto viungo vya risasi, unabadilisha kile alichobadilisha fundi wa jirani wiki iliyopita, kisha unawasha huku ukiomba Mungu. Kikiwaka unapokea hela yako. Kisipowaka unamwambia mteja bodi imeungua, akanunue nyingine.

Mimi nasema bodi nyingi zinazotupwa kwa hukumu hiyo zingepona mikononi mwa mtu anayesoma. Na kusoma huko kunaanzia kwenye rezista.

Anza na rangi. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Rezista yenye mistari minne isome hivi: mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sufuri za kuongeza, wa nne unasema kiwanda kimejiruhusu kukosea kwa kiasi gani, dhahabu asilimia 5, fedha asilimia 10. Manjano, zambarau, kahawia: 4, 7, sufuri moja. Hiyo ni omu 470. Kahawia, nyeusi, chungwa: 1, 0, sufuri tatu. Omu 10,000, yaani kilo-omu 10. Ikiwa na mistari mitano, tarakimu zinakuwa tatu badala ya mbili, mengine ni yale yale. Zile nyeusi ndogo kama punje, zilizobandikwa kwenye bodi za simu na televisheni za siku hizi, nyingi zimeandikwa namba: 103 ni 10 na sufuri tatu, 472 ni 4,700.

Mwanzoni kahawia na nyekundu vitakuchanganya, hasa taa ikiwa hafifu. Usivunjike moyo. Soma kwa macho, kisha pima kwa mita, kisha linganisha. Ukipima rezista ikiwa bado kwenye bodi, mita inaweza kukupa namba ndogo kuliko rangi zinavyosema, kwa sababu umeme wa mita unapita pia njia nyingine za pembeni. Inua mguu mmoja wa rezista utoke kwenye bodi, ndipo upime. Kutofanya jambo hili dogo kumewafanya mafundi wengi watupe rezista zilizo nzima.

Sasa hesabu. Volti ukizigawa kwa omu unapata ampea. Ni kugawanya tu, kule kule kwa shule ya msingi. Ukitaka kujua omu, gawanya volti kwa ampea. Ukitaka kujua volti, zidisha ampea kwa omu. Kwa sentensi hizi tatu unaweza kufanya kazi ambayo wenzako wanaifanya kwa kujaribu na kuunguza.

Chukua jambo linalotokea kila siku kwenye vijiwe vya bodaboda na bajaji. Kijana anataka taa ndogo nyekundu za LED kwenye chombo chake. Fundi anaweka LED moja na rezista ya kwanza iliyomjia mkononi. Inawaka vizuri, watu wanasifu, na baada ya muda inazimika moja kwa moja. Lawama inakwenda kwa LED: ni feki, ni za bei chee. Hebu tukae na hesabu. LED nyekundu hutumia volti kama 2. Betri inaitwa ya volti 12, lakini injini ikiwa inanguruma na betri inachaji, volti zinafika 14 na kitu. Basi zinabaki volti 12 ambazo lazima zibebwe na rezista. Ukitaka mkondo wa ampea 0.015, ambao LED hiyo inauvumilia siku zote, gawanya 12 kwa 0.015. Unapata omu 800. Dukani hakuna 800 kirahisi. Iliyo karibu ni 820. Hiyo ndiyo yako.

Usiishie hapo. Zidisha volti 12 zilizoko kwenye rezista kwa ampea 0.015: wati 0.18. Rezista ya robo wati itabeba, ila itakuwa ya moto muda wote, tena ndani ya kasha lisilo na hewa, juani. Weka ya nusu wati. Yule aliyeweka omu 470 ya robo wati, kwa sababu aliiona mahali ikitumika na betri ya volti 9, aliipa LED yake zaidi ya ampea 0.025 na rezista yake zaidi ya wati 0.3. Vyote viwili vilikuwa vinaungua taratibu tangu siku ya kwanza. Hakuna feki hapo. Kulikosekana dakika mbili za kalamu na karatasi.

Unaona uzito wa jambo hili? Mteja anayerudi baada ya mwezi kusema taa bado zinawaka, huyo atakuletea watu kumi.

Na kanuni hii unayoitumia ilitoka kwa mtu ambaye ungemwelewa. Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli, mtu aliyejisomea mwenyewe hisabati na sayansi kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Ohm akawa mwalimu wa shule mjini Cologne, akifanya majaribio kwa vifaa alivyovitengeneza kwa mikono yake. Betri za wakati ule nguvu yake ilipanda na kushuka, vipimo havikutulia. Akaziweka kando. Akaunganisha shaba na bismathi, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, akapata chanzo cha umeme kisichoyumba. Kisha akapima waya mmoja baada ya mwingine, mrefu na mfupi, mpaka kanuni ikajitokeza yenyewe.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Wasomi wengi wa kwao hawakukijali. Aliacha kazi ya Cologne, akakaa miaka kadhaa bila nafasi ya maana, hadi mwaka 1833 alipopata ualimu Nuremberg. Mwaka 1841 Jumuiya ya Kifalme ya London ikampa Nishani ya Copley. Mwaka 1881, miaka 27 baada ya kufa kwake, mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris ukaliweka jina lake kwenye kipimo cha ukinzani. Kila unapotamka omu, unamtaja mtoto wa fundi makufuli. Kwa hiyo asije mtu akakwambia elimu hii ina wenyewe.

Turudi mezani, maana hapa ndipo fundi anapojulikana. Mteja ameleta chaja. Unafungua, na pale pale umeme wa ukutani unapoingilia unakuta rezista ndogo, pengine ya omu 10 au chini yake, imekuwa nyeusi. Anayebahatisha anafurahi kwamba ugonjwa umeonekana. Anaweka nyingine, anachomeka, paa! Imeungua tena. Wapo wanaofikia kuweka waya mtupu mahali pake. Huo ni uhalifu, naomba niseme bila kupunguza neno, kwa sababu rezista ile iliwekwa pale kwa makusudi ife yenyewe kabla nyumba ya mtu haijashika moto.

Anayesoma anauliza swali jingine: ni nani huko mbele aliyevuta mkondo mkubwa hivi? Anajua joto la rezista ni mkondo kuzidisha mkondo, mara omu. Mkondo ukipanda mara kumi, joto linapanda mara mia. Rezista iliyoungua ni shahidi, na shahidi huulizwa aliona nini. Basi fundi huyu anaifuata njia ya umeme: dayodi nne zinazougeuza, kapasita kubwa inayoutuliza, transista inayoukata na kuuachia. Kabla hajagusa, anajua kwamba umeme wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi hizo unafika karibu volti 325 kwenye kapasita, na unaweza kubaki pale hata chaja ikiwa imechomolewa. Anapima kwanza, anautoa kwa rezista, anapima tena. Ndipo anaanza kupima moja moja, na anakuta transista imepiga shoti. Anabadilisha transista, anahakikisha dayodi ni nzima, anarudisha rezista ya kiwango kile kile. Chaja inarudi kwa mwenyewe ikiwa salama.

Tofauti ya mafundi hawa wawili haiko mkononi. Wote wanajua kulehemu. Mmoja ana picha ya njia ya umeme kichwani, mwenzake hana.

Picha hiyo ndiyo mchoro wa sakiti, na najua wengi unawatisha. Unawatisha kwa sababu wanautazama wakitafuta sura ya bodi, hawaioni. Mchoro wa sakiti ni kama nasaba ya ukoo. Nasaba inakuambia nani amezaliwa na nani na nani ameoa kwa nani; haikuambii nani analala chumba gani. Rezista mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye mchoro zinaweza kuwa kwenye pembe mbili tofauti za bodi, na bado ni ndugu wa damu. Ukilikubali hili, nusu ya woga imekwisha.

Nusu iliyobaki ni alama, nazo ni chache. Rezista ni kisanduku chembamba kwenye michoro ya Ulaya, na mstari uliokunjwa kunjwa kwenye ya Marekani. Kapasita ni mistari miwili inayotazamana bila kugusana. Dayodi ni pembetatu iliyogota kwenye kimstari. Mistari miwili ikikutana penye nukta, waya zimeungana. Ikipishana bila nukta, kila mmoja na safari yake. Volti kwa kawaida zinachorwa juu, ardhi chini, na kazi inatoka kushoto kwenda kulia. Kisha kuna herufi: R kwa rezista, C kwa kapasita, D kwa dayodi, Q kwa transista. R12 ya kwenye mchoro ndiyo R12 iliyoandikwa kwenye bodi, mara nyingi kwa maandishi meupe madogo. Hiyo ndiyo kamba inayofunga karatasi na kifaa.

Halafu mchoro unaanza kukupa namba. Tuseme unaona rezista mbili zimefuatana kutoka volti 12 hadi ardhi, ya juu kilo-omu 20, ya chini kilo-omu 10, na katikati yao unatoka waya kwenda mahali. Jumla ni kilo-omu 30. Ya chini ni theluthi moja, basi pale katikati lazima pawe na theluthi moja ya volti 12, yaani volti 4. Hujagusa kitu, tayari unajua. Sasa weka mita. Ukikuta volti 12 kamili, rezista ya chini imekatika au kiungo chake cha ardhi kimepasuka. Ukikuta sufuri, ya juu imekatika, au kuna kitu kimepiga shoti kwenda ardhini. Ukikuta volti 2 hivi, kuna kitu kimeungwa pale katikati na kinanyonya kuliko kinavyostahili. Mchoro unakupa kinachotarajiwa, mita inakupa kilichopo, na ugonjwa umekaa katikati ya namba hizo mbili. Hii ndiyo kazi yenyewe. Mafundi wakubwa unaowasikia wakisifiwa hawana dawa nyingine.

Na ukitaka kujua kwa nini inawezekana kuhesabu sakiti yoyote kwa namna hii, ni kwa sababu mkondo hauzaliwi wala haupotei njiani: unaoingia kwenye kiungo ndio unaotoka. Gustav Kirchhoff aliiandika kanuni hiyo mwaka 1845, akiwa na miaka 21, bado mwanafunzi wa chuo kikuu Königsberg. Umri wako, pengine mkubwa kwako kidogo.

Najua unachotaka kusema. Kiingereza. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ukafika kidato cha kwanza fizikia ikabadilika lugha, na kuanzia hapo ukawa unakariri usichokielewa. Ni mzigo wa kweli na wengi umewaangusha. Lakini mchoro hauna Kiingereza. Kisanduku ni kisanduku Tanga, ni kisanduku Bujumbura.

Ushahidi tunao jirani tu hapa, Malawi. William Kamkwamba alikuwa mtoto wa mkulima katika kijiji cha Masitala. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ikamtoa shule kwa kukosa ada. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akakuta vitabu vya fizikia vya Kiingereza ambacho hakukimudu. Alichofanya ni kuishika michoro. Aliitazama mpaka ikamweleza, kisha akarudi kwenye maneno yaliyokaa kando ya mchoro na kuyajua kwa njia hiyo. Kwa dinamo ya baiskeli, feni ya trekta iliyotupwa na miti, akajenga mtambo wa upepo ukawasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2007 alisimama mbele ya wageni wa mkutano wa TEDGlobal, hapa hapa Arusha, akaeleza alivyofanya. Hakuwa na mita nzuri kama hiyo iliyoko mezani kwako. Wala hakuwa na simu yenye intaneti mfukoni. Wewe unavyo.

Utaniambia pia kwamba vifaa vingi vinavyoingia sokoni vinakuja bila mchoro. Kweli kabisa. Basi uchore wewe. Chukua bodi mbovu isiyo na umeme wowote ndani yake, weka mita kwenye mlio, fuata njia ya shaba kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na kila unapokipata kiungo kiandike kwenye daftari kwa penseli. Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya, mistari imepishana kama waya za mtaani. Uchore upya. Wa pili utanyooka. Ukifika bodi ya tatu ya chaja utashangaa: ni sakiti ile ile, rezista zile zile, zimepangwa tofauti tu. Daftari hilo lilinde. Fundi mwenye michoro yake mwenyewe ana mali ambayo mwizi haijui thamani yake.

Nanyi mafundi wakubwa, shikamooni. Mna vijana mnaowatuma chai na risasi ya kulehemu mwaka mzima. Waonyesheni kwa nini, pamoja na wapi. Mwacheni kijana apime volti kabla hamjamwambia jibu. Nanyi walimu wa fizikia ambao maabara zenu ni kabati tupu, somo hili linatosheka na betri ya volti 9, rezista kumi na mita moja ya bei nafuu inayozunguka darasani.

Kwako kijana, kazi ni hii. Wiki hii nunua betri ya volti 9, LED nyekundu mbili, na rezista za omu 470, kilo-omu 1 na kilo-omu 10, tano tano. Usianze na umeme wa ukutani. Chora kwanza sakiti ya LED moja na rezista moja, andika mkondo unaoutarajia, kisha unganisha na upime. Kwa omu 470 utakuta karibu ampea 0.015, kwa kilo-omu 1, karibu 0.007. Weka rezista mbili za kilo-omu 1 zikifuatana, pima. Zilaze sambamba, pima. Andika kila namba kando ya mchoro wake, na pale namba ya mita inapokataa kufanana na ya kalamu, usilale mpaka umejua sababu. Ukimaliza, chukua redio mbovu iliyo chini ya meza, ondoa betri zake, na uchore pawa yake yote kwenye daftari, kutoka inapoingilia betri hadi kwenye ardhi.